Kurasa Kumi na Nne kwa Kocha Mpya

Saa nne na dakika saba asubuhi, siku ya Jumatatu katika mwezi wa pili, simu yangu iliita nikiwa Busunzu, mikono yote miwili imeshika bomba la chuma la kisima cha kijiji. Bomba lilikuwa limetoka nusu. Ningeliachia lingetumbukia chini, na kijiji kingekosa maji kwa wiki kadhaa. Nilimwomba mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya ndoo anitolee simu mfukoni na kuniwekea sikioni. Yeye akabonyeza kipaza sauti, kwa hiyo foleni nzima ikasikia.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Niko kazini, sema haraka."

"Nimepewa timu."

"Timu gani?"

"Hii ya huku. Ule mpira wa yai. Kocha wa zamani ameacha, wamenichagua mimi. Kaka, sina mpango wowote. Niandikie mpango."

"Mpira wa yai?" yule mama aliuliza, simu ikiwa bado mkononi mwake. "Wakiudondosha je?"

"Haupasuki, shangazi," mdogo wangu alijibu kutoka Australia. "Unadunda kama mlevi tu."

Foleni ikacheka. Mimi nikasema nitaandika, nikaendelea kuvuta bomba.

Naandika haya kwa sababu, kwa ajili ya mpango ule, mdogo wangu hakumwona mama yetu akiwa hai mara ya mwisho, wala hakumzika. Aliyeamua hivyo ni mimi. Sikuamua kwa hasira wala kwa uzembe. Niliamua kwa utaratibu, kama ninavyofanya mambo yangu yote.

Wazazi wetu walitoka Burundi kabla sijazaliwa, na sasa sisi ni raia wa Tanzania. Baba alifariki mdogo wangu akiwa na miaka mitano, mimi nikiwa na ishirini na mbili. Nilimlea. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini nilijifunza kutengeneza pampu za visima kwa kitabu cha maelekezo na kamusi, na kwa njia hiyo hiyo nilijifunza kufundisha mpira wa miguu. Nilikuwa na daftari. Kila mchezo wa timu ya kata niliuandika: nani alipoteza mpira, wapi, dakika gani. Mdogo wangu alicheza kiungo katika timu hiyo, na alikuwa mchezaji pekee aliyesoma daftari langu bila kulazimishwa.

Baadaye alioa binti wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu. Familia ya mkewe ilipopelekwa Australia, naye alifuata baada ya miaka miwili ya makaratasi. Wakaishia kwenye mji mdogo wenye kiwanda cha nyama. Huko mpira wetu hauna watu. Watu wote wapo kwenye ule wa kwao. Akaanza kuucheza akiwa tayari mtu mzima, akaumia goti, akawa msaidizi wa kocha, na sasa amepewa timu ambayo msimu uliopita ilishinda michezo miwili tu.

"Wakinifukuza," aliniambia jioni ya siku ile, "watasema tulimwonea huruma, tukampa, akashindwa. Na mgeni mwingine hatapewa tena."

Nilimwelewa. Nilinunua daftari jipya la kurasa themanini na bando la mtandao.

Wiki mbili za kwanza sikuandika wazo hata moja. Niliandika sheria tu, maana mtu hawezi kupanga mchezo asioujua. Uwanja wao ni wa duara refu, na hakuna viwanja viwili vinavyolingana. Wachezaji ni kumi na wanane kila upande. Hakuna kuotea, mtu anasimama popote. Golini kuna nguzo nne: ukipitisha katikati ya zile mbili ndefu unapata alama sita, ukipitisha pembeni unapata alama moja. Mpira unashikwa, unapigwa kwa mguu, au unapigwa ngumi kumpa mwenzako, lakini kuurusha ni kosa. Anayekimbia nao lazima audundishe chini kila baada ya mita kama kumi na tano. Na anayeudaka ukiwa hewani baada ya kupigwa mbali kwa mguu, mchezo unasimama kwa ajili yake: anapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Sheria hii ya mwisho niliipenda kuliko zote. Kwetu ukituliza mpira vizuri, malipo yako ni kukanyagwa.

Ili nijue ukubwa wa uwanja, nilichukua kamba na vigingi vya miti nikaupima kwenye malisho nje kidogo ya mji wa Kibondo. Vijana wa timu ya kata walikuja kutazama.

"Mzee, unapimia nani kiwanja? Kuna mgodi?"

"Napima uwanja wa mpira."

"Mbona umepinda?"

"Ndivyo ulivyo."

"Wanashika kwa mikono? Basi ni netiboli hiyo mzee, waite dada zetu."

Lakini walibaki. Tulitumia mpira wa kawaida tulioupunguza upepo, na kwa siku tatu walinikimbilia huku na huku, wakibishana, mpaka mmoja akapigwa kiwiko cha pua na mama yake akaja kunieleza maoni yake kuhusu Australia.

Niliyoyaona nikayaandika. Timu ya mdogo wangu ilikuwa imerekodiwa kwa simu michezo saba ya msimu uliopita, na alinitumia yote. Walipenda kupiga mpira katikati ya uwanja kwa sababu ndiyo njia fupi. Mpira ukipotea katikati, wapinzani wanakuwa na goli mbele yao, hawana kizuizi. Nikamwandikia: pita pembeni. Pembeni ni njia ndefu, lakini ukibanwa unautoa nje ya mstari, watu wanapumua, mnajipanga upya. Nikamwandikia pia kuhusu ile alama moja. Wachezaji wake walikuwa wakipiga golini kutoka kwenye kona kali, wanakosa zile alama sita, wanapata moja, kisha mpira unakuwa wa mpinzani. Walikuwa wananunua alama moja kwa bei ya mpira. Ukurasa wa nne wote ni mchoro wa mahali pa kukataza mtu kupiga, hata awe na hamu namna gani.

Ukurasa wa sita haukutoka kwangu.

Mama alikuwa akiishi na dada yetu kijijini, upande wa Kasulu. Nilikwenda kumsalimia mwanzoni mwa mwezi wa tatu, nikamwonyesha video. Alikuwa na miaka themanini hivi, kwa hesabu ya kukadiria. Alishika simu mbali na macho yake.

"Mwanangu ni yupi?"

"Hachezi, mama. Yule aliyesimama nje amekunja mikono."

"Amenenepa." Akatazama tena. "Hawa wanagombania nini? Si uwanja wote ni wao?"

"Mpira, mama."

Alitazama mchezo mzima, dakika mia na zaidi, akila karanga. Kisha akasema, "Kule pembeni wamewaweka wachovu peke yao. Nani aliwapanga hivyo? Hajawahi kulima?"

Alikuwa akisema juu ya ikibiri, ile kazi ya kulimiana kwa zamu ambayo wazazi wetu walikuja nayo. Watu wanajipanga mstari mmoja wakiwa na majembe, kila mtu na upana wake wa kulima. Mdhaifu, mzee au anayetoka kuugua, hawekwi mwisho wa mstari. Anawekwa katikati ya wawili wenye nguvu. Akichelewa, wa kulia anamega kidogo kutoka upande wake, na wa kushoto vilevile, na mstari unafika pamoja. Hakuna anayesema kitu. Yeye mwenyewe anaweza kwenda nyumbani akiamini kwamba alilima sehemu yake yote.

Niliupanga upya mstari mzima wa nyuma wa timu ile kwa namna hiyo, nikamtumia mdogo wangu picha ya ukurasa. Sikuandika kwamba wazo ni la mama. Niliona haina umuhimu, nilikuwa na haraka ya kufika ukurasa wa saba.

Wiki mbili baadaye dada alinipigia. Mama alikuwa amevimba miguu na usiku halali kwa kukosa pumzi. Alishalazwa mara mbili miaka ya nyuma kwa tatizo hilo hilo, akatoka akitembea. Tulimpeleka hospitali ya misheni, Kabanga. Walimpokea vizuri, wakamweka kwenye oksijeni. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya mchezo wa kwanza wa mdogo wangu.

Siku ya tano daktari alinitoa nje ya wodi. Alikuwa kijana, lakini alisema bila kuzungukazunguka.

"Baba, moyo wake umechoka. Tunamsaidia apumue, lakini hatuwezi kuufanya uwe mpya. Kama kuna watoto walio mbali, waiteni."

Nikasema nimeelewa.

Kesho yake, mdogo wangu aliandika ujumbe. Hakujua lolote. Alikuwa amemwota mama, akaamka na wazo. "Kaka, nauli ya kuja na kurudi ninayo, niliiweka tangu mwezi wa kwanza. Nije sasa hivi nimwone mama wiki moja, au nisubiri msimu uishe mwezi wa tisa?"

Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi nikafungua daftari, lile lile la mpango wa mchezo, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika sababu za kumwita, upande wa pili sababu za kumwacha. Safari ni siku mbili kuja, siku mbili kurudi. Angekosa mchezo wa kwanza, pengine na wa pili. Kocha mpya akiondoka wiki ya kwanza, wachezaji hurudia mazoea yao ya zamani. Waliomchagua wangenung'unika. Mama alishaponea hospitali hiyo mara mbili. Na mwisho kabisa, kwetu mtu hapewi habari nzito kwenye simu, peke yake, nchi ya watu. Upande wa kwanza uliishia na mistari miwili, upande wa pili ukajaa.

Nilimjibu: "Subiri msimu uishe. Mama yupo. Kazi yako sasa ni Jumamosi ile."

Alijibu kwa alama ya dole gumba.

Dada aliposikia, aliweka chini bakuli la uji.

"Kwa nini umemwambia hivyo?"

"Ana mchezo."

"Mchezo!" alisema. "Wewe na mdogo wako mna wazimu wa kurithi. Mwambie aje."

"Akija akamkuta amepona, amepoteza kazi bure."

"Na akija akamkuta hajapona?"

Dada ni mdogo kwangu, na kwetu neno la kaka mkubwa likishatoka limetoka. Hakubishana tena. Laiti angebishana.

Mama mwenyewe hakuuliza kuhusu ugonjwa wake. Aliuliza kuhusu kitinda mimba wake. Jumatatu ya wiki ya mwisho alisogeza ile barakoa ya oksijeni akasema, "Mpigie nimsikie."

Nilijua kwamba mdogo wangu akimsikia anavyohema, ataelewa kila kitu. Nikamwambia mama kwamba kule ni usiku, amelala. Haikuwa kweli. Ilikuwa saa sita mchana kwetu, kwake ni jioni, wakati ambao hupumzika na kupokea simu zote.

"Basi nisikilize hata ile sauti anayokutumia," alisema.

Nikamwekea ujumbe wa sauti wa wiki iliyotangulia. Mdogo wangu alikuwa anasema, huku nyuma watu wakipigiana kelele uwanjani: "Kaka, ukurasa wa sita ndio umenishangaza. Nimewapanga hivyo hivyo, mnyonge mmoja katikati ya wenye nguvu wawili, mnyonge mmoja katikati ya wenye nguvu wawili. Kuna mmoja hapa jamaa hajawahi kudaka mpira maisha yake, leo kadaka mitatu, analia. Kaka, ulilitoa wapi hili?"

Mama alicheka, akakohoa, akapumzika. "Rudia," akasema.

Nilirudia.

"Amelima vizuri mwana wanje," akasema, akimaanisha mwanangu kwa Kirundi, akarudisha barakoa mwenyewe.

Jumatano hali ilibadilika. Hakuwa akifungua macho. Mimi nilikuwa na ahadi ya kutuma ukurasa wa mwisho, wa kumi na nne, unaohusu mabeki wafanye nini upepo ukiwa mkali, kwa sababu utabiri wa kule ulionyesha upepo. Niliuandika pale pale pembeni ya kitanda, nikaupiga picha kwenye dirisha penye mwanga, nikautuma. Alhamisi alasiri mama akafariki.

Tulimzika Ijumaa kijijini kwa dada. Kabla ya mwili kutolewa ndani nilisimama mbele ya watu nikawaomba, kwa heshima zote, kwamba mtoto wake mmoja yuko mbali, hajaambiwa, ataambiwa kesho kwa utaratibu, kwa hiyo mtu asimpigie na asiweke picha mahali popote. Watu waliitikia. Utaratibu nilikuwa nimeshaupanga. Katika mji wa mdogo wangu kuna mzee wa kanisa, Mkongo aliyeishi Nyarugusu na wakwe zake, na nilizungumza naye Alhamisi ile ile.

"Papa, hata kwetu ni vile," aliniambia. "Mutu hapashwi kifo kwa telefone. Nitaenda na ba mama wawili na pasta. Tutamungoja amalize match, akule, ndiyo tutaikala naye."

"Ale kwanza," nilisisitiza.

"Akule kwanza, papa. Pole sana."

Nilikuwa nimefikiria mzee, pasta, wanawake wawili, chakula na saa. Sikufikiria kuwa wapo watu waliofika baada ya mimi kusema. Binti mmoja, mpwa wetu wa miaka ishirini, alifika kutoka Muyama kaburi likiwa limeshafunikwa. Alipiga picha ya msalaba wenye jina na tarehe, akaiweka kwenye status ya simu yake, inapoonwa na kila mwenye namba yake, na chini yake moyo uliovunjika na maneno ya kumuaga bibi. Hakukosea. Aliomboleza kama vijana wanavyoomboleza sasa.

Mchezo ulikuwa uanze saa nane mchana kwao. Walikuwa wamerudisha saa zao nyuma kwa majira ya baridi, hivyo tulipishana saa saba, na kwangu ilikuwa saa moja asubuhi ya Jumamosi. Nilikaa nje ya nyumba ya dada, viti vya msiba bado havijarudishwa, nikifuata matokeo kwenye mtandao. Robo ya kwanza waliongoza kwa alama kumi na tatu. Ya pili kwa tisa. Ya tatu walipitwa kwa alama nne. Nilijikuta nikisema kwa sauti, "Pembeni, pembeni." Dada alipita na ndoo, akanitazama, akaendelea. Walishinda kwa alama kumi na moja.

Saa nne kasoro dakika kumi simu iliita. Kwao ilikuwa bado mchana mweupe. Mzee wa kanisa hawezi kuwa ameshafika, nilijua hivyo, na nilifurahi kwamba ananipigia kwanza kwa furaha.

"Hongera, kocha," nikasema.

"Nimeona msalaba," akasema.

Niliinuka kwenye kiti cha msiba.

"Nimeona saa sita na nusu. Nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo, peke yangu, nawangoja wavae. Nikafungua simu niangalie ukurasa wa kumi na nne."

"Ukaendelea na mchezo?"

"Watu ishirini na wawili walikuwa wananitazama, kaka. Nifanye nini? Nikasimama nikawaambia habari za upepo." Alivuta pumzi. "Ameugua tangu lini?"

Nikamwambia tarehe.

Alihesabu siku kwa sauti ya chini. "Kwa hiyo nilipokuuliza kama nije."

"Ndiyo."

"Alikuwa Kabanga."

"Ndiyo."

"Na Jumatano? Uliponitumia mambo ya mabeki?"

"Nilikuwa pembeni yake."

"Aliniulizia?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini mimi nimezoea usahihi. Nikamwambia aliomba nimpigie, na nilichomjibu, na kwamba nilimwekea ile sauti, na alitaka irudiwe. Nikamwambia kwamba ukurasa wa sita ulikuwa wa mama, yeye ndiye aliyeuliza kama kocha wa zamani hajawahi kulima. Nilidhani hilo lingemfariji.

Nilisikia upepo wa kule, na watu wakiimba kwa mbali, wimbo wa timu iliyoshinda. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Wewe ndiye ulinifundisha kwamba mchezaji unamwambia ukweli wa uwanja, halafu unamwacha aamue mwenyewe."

Simu ikakatika. Sijui kama aliikata.

Mzee wa kanisa alimkuta ameketi garini nje ya uwanja, bado na filimbi shingoni. Walikaa naye mpaka usiku. Hakula.

Tangu siku hiyo anampigia dada kila Jumapili. Kwangu anatuma salamu kupitia kwake, salamu fupi za adabu, kama anavyosalimiwa mzee wa jirani. Timu yake inaendelea kushinda na kushindwa kama timu nyingine, na najua matokeo yote kwa sababu nayafuata mtandaoni. Ukurasa wa kumi na tano sijauandika. Hajauomba.

Mwezi wa saba nilimtumia ujumbe mmoja. Sikuomba msamaha kwenye ujumbe huo, kwa sababu nilishauomba mara tatu bila jibu. Nilimwuliza tu kama, msimu ukiisha, bado ana mpango wa kuja, walau aone kaburi. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la mistari miwili. Alisema hana sababu ya kusafiri tena, yule aliyekuwa amfuate hayupo. Na kwamba nauli haijaguswa, iko benki kama ilivyokuwa. Aliitaja kwa dola zao. Niliigeuza kwa kiwango cha siku ile, nikahesabu mara mbili: shilingi milioni nne, laki nne na elfu ishirini.